Kura Moja ya Camille

Camille hakuwa mjinga, ila aliamini watu kupita kiasi. Yeye na babake wote wamezaliwa Likasi; babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Hata hivyo chama tawala, kile kinachomeza kila kitu, kilimwita mgeni. Basi akagombea kiti cha udiwani wa komini kupitia chama kidogo cha Wakasai, ili wakubwa wasikie sauti yao walau mara moja.

Wiki ya uchaguzi kulikuwa na matanga kwa jirani yao, Mama Marceline. Kama desturi, wanaume walizunguka moto nje, wanawake walikaa ndani na maiti. Camille akagawa bia, wanaume wakampigia makofi: "Mheshimiwa wetu!" Akarudi nyumbani anapiga mluzi, masikini.

Matokeo yakabandikwa mlangoni pa shule. Mtaa umejaa Wakasai, naye kapata kura moja. Moja!

"Wezi!" alipayuka. "Mumeiba kura yetu!"

Askari wakageuka. Delphine, mkewe na mama wa mtoto wao Merdi, akamvuta kwa nguvu hadi nyuma ya ukuta.

"Nyamaza, Papa Merdi. Hakuna mwizi."

"Ile kura ni yangu. Ya kwako iko wapi?"

Delphine alishindwa kumtazama.

"Ku matanga, mule ndani, siye bamama tulisikilizana tusikupigie kura. Mukasai akipata kiti, bakubwa batasema tunataka kukamata inchi. Batatufukuza tena. Weye unajua mama yangu alifia wapi."

Alijua. Alifia kituo cha treni, mwaka wa tisini na mbili, kwenye msongamano wa waliofukuzwa, akingoja kurudishwa Kasai ambako hakuwahi kutia mguu.

"Na banaume?"

"Kila mutu alisikia bibi yake."

"Isipokuwa miye."

"Weye ungekataa," alisema Delphine, na machozi yakamtoka.

Jamani, mtu angemkasirikia nani hapo? Camille alitamani kura ingeibwa kweli. Mwizi unaweza kumtukana.

Mshindi wa chama tawala akaja na mpiga picha wake, akicheka. "Munaona? Hata bandugu Wakasai beko na chama yabo. Kura ni huru!" Akanyoosha mkono.

Delphine akamsukuma mumewe kidogo mgongoni. Camille akaushika ule mkono, akasema "Merci, Excellence," na alipoambiwa acheke kidogo kwa ajili ya picha, akacheka.