Jina Alilolimeza Mbodze

Kwa miaka kumi na tisa Mbodze hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina. Si kwamba hakumpenda. Mtoto alipewa jina la babu yake mzaa baba, Tembo, kama ilivyo ada, na katika boma la mumewe kule Kinango mke hamtaji mkwewe, awe hai au awe kaburini. Kumtaja mkwe ni kumvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo Mbodze alimwita mtoto Baba. Jioni wanawake wenzake walisimama milangoni na kuita watoto wao, na majina yaliruka juu ya vichaka hadi lamboni, mbuzi walikokuwa wakinywa maji. Yeye akiita "Baba!" waliitika wanaume watatu wazima, na wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Alipokuwa na miaka saba mtoto alijificha nyuma ya tuta la lambo akakataa kutoka.

"Sitoki mpaka uniite jina langu," akasema. "Kama mama yake Ngala anavyomwita Ngala."

Mbodze hakumwita. Aliketi kwenye tope lililokauka, akakaa, mpaka mtoto mwenyewe akachoka akaja kumlalia mapajani bila kusema neno. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Mara nyingine, akiwa peke yake, alilijaribu lile jina kwa ncha ya ulimi kama mtu aonjaye chumvi, kisha akalimeza.

Sasa Baba alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi upande wa Msambweni, akisomea kuchomelea vyuma, na Mbodze alikuwa mpiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Galu. Si mwendo mrefu, lakini tangu Pasaka hawakuwa wameonana. Simu zake hapo mwanzo zilikuwa za kila siku, halafu za kila wiki, halafu zikapungua zikawa maneno manne tu: niko sawa, niko darasani. Mtoto akishakata, Mbodze huendelea kuishika simu sikioni, akiusikiliza ule ukimya kana kwamba naye yumo ndani yake.

Jumatano asubuhi alikuwa akikunja mashuka na Gillian, mwenzake wa dobi aliyehamia pwani kutoka Kakamega, kila mmoja ameshika ncha mbili. Linet, bintiye Gillian, ambaye alikuwa ameanza chuo hichohicho muhula ule, alikuwa amepitia kuchukua ufunguo wa nyumba.

"Shikamoo, Mama Tembo."

Watu wote walimwita hivyo. Jina lililokuwa haramu mdomoni mwake lilikuwa halali masikioni.

"Marahaba, mwanangu."

"Mathe, skia hii kitu imetumwa kwa kundi letu la WhatsApp," Linet akamwambia mamake. "Kuna mtu ati anatutisha."

"Ongea vizuri, uko mbele ya watu," Gillian akamkaripia, lakini masikio tayari ameyatega.

Linet akaifungua. Ilikuwa sauti ya kiume, imezibwa kwa kitambaa. "Ijumaa mkiingia karakana kwa mtihani, mlango utafungwa kwa nje. Mlicheka sana. Tutaona moto nao mtauchekaje." Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili mnenaji alipiga kidoko cha ulimi, mara mbili, kisha akavuta pumzi.

Ncha za shuka zikamponyoka Mbodze.

Kidoko kile alikijua. Hivyo ndivyo marehemu mkwewe alivyowaita mbuzi, mara mbili na pumzi, na mjukuu alikirithi pamoja na jina. Alikipiga akiwa na furaha, alikipiga akiwa na hasira, alikipiga usingizini. Mwenyewe hakujua kwamba anakipiga.

"Namba haijulikani," Linet alikuwa akieleza. "Wanasema ni mtu anatafuta tu umaarufu."

"Vijana hao ni mdomo mtupu," Gillian akasema. "Huyu naye aliwahi kuniapia kwamba anahama nyumbani kwa sababu ya viatu. Saa ya chakula ikamkuta mezani."

"Mlicheka nini?" Mbodze akauliza.

"Eh?"

"Anasema mlicheka. Mlimcheka nani?"

Linet akajikuna shingo. "Kuna kijana wa upande wa vyuma, mimi simjui. Alichomelea geti, likaanguka mbele ya darasa lote. Akalia. Mtu akampiga video, akaweka mlio wa mbuzi juu yake. Kila mtu anayo. Wanamwita Mchunga."

"Si mtoto wa Mama Tembo naye anasoma hiyo vyuma?" Gillian akauliza.

Linet akamtazama Mbodze, na kicheko kilichokuwa kimebaki usoni kikamwisha. Mbodze alishaanza kuvua aproni.

Nje, kando ya kamba za kuanikia, alimpigia mumewe. Mwinga alikuwa na mifugo kule Kinango, na ng'ombe walisikika kabla yake.

"Umesikia vibaya," Mwinga akasema alipomaliza kusimuliwa.

"Nimesikia kidoko."

"Nchi hii ina wachungaji wa mbuzi wangapi?"

"Wanaopiga kidoko mara mbili kisha wakavuta pumzi, mmoja. Na marehemu aliyemfundisha."

Mwinga akamfokea ng'ombe mmoja. Ng'ombe wakaendelea.

"Basi mpigie umkemee, yaishe. Ofisini usiende. Kijana akishaandikwa na polisi, ameandikwa maisha yake yote. Na ukifika huko utawaambiaje? Utalitaja jina la baba yangu mbele ya askari?"

"Sijui nitawaambiaje."

"Mbodze. Mtoto akikunyea mkono, huukati."

"Haukatwi," Mbodze akasema. "Lakini huoshwa."

Akampigia mtoto mara tano. Simu iliita ikakatika. Akamwomba ruhusa msimamizi wake, akadandia pikipiki, na kabla ya adhuhuri alikuwa amesimama kwenye lango la chuo na vumbi la barabarani kwenye nyusi.

Alimkuta nyuma ya bweni, ameketi juu ya tofali, mkoba katikati ya miguu. Amekonda, mabega yametokeza kama vitundikio vya nguo. Mbodze alitamani kukishika kile kichwa na kukinusa, kama alivyokuwa akifanya zamani kikiwa kinanuka moshi na maziwa. Hakukishika. Kijana alishainuka.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba, Baba. Nimekusikia."

"Umenisikia wapi?"

Mbodze akapiga kidoko, mara mbili, akavuta pumzi.

Kijana akaketi tena. Kwa muda alikwaruza ardhi kwa kisigino.

"Ni maneno tu, mama. Nilitaka nao waogope, hata siku moja."

"Ni maneno tu?"

"Ni maneno tu."

Dobi ana sheria moja isiyoandikwa popote: nguo haiingii majini kabla ya mifuko kupinduliwa. Mikono ya Mbodze ilikuwa imeifuata sheria hiyo kwa miaka sita, na sasa ilikwenda yenyewe. Aliuvuta mkoba, akaingiza mkono chini ya madaftari, akatoa kufuli kubwa, jipya, bado limo ndani ya karatasi yake.

"Na hili nalo ni neno?"

Kijana akaufunika uso. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti, mgongo tu ukipanda na kushuka.

"Sijui kama ningelitumia. Haki ya Mungu, mama, sijui. Nikilala nasikia ule mlio wa mbuzi. Nikiingia kula wanaufanya, hata mwalimu alicheka. Nilikuwa nikikupigia nikuambie, halafu nashindwa, nasema niko darasani."

"Nami niliposikia uko darasani nilifurahi," Mbodze akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipaswa kuja."

Akaketi chini kando yake, mchangani, na kiganja chake kikakaa kwenye ule mgongo mpaka ukatulia.

"Lichukue hilo kufuli," kijana akasema. "Twende nyumbani. Nitaacha chuo, nitarudi kwa baba kwenye mbuzi. Hakuna atakayejua."

Mbodze akaiona hiyo safari yote. Akamwona mwanawe ndani ya chumba chao cha Galu, amekaa kitandani, sahani ya wali mapajani, akila huku akisimulia. Miezi yote hiyo hicho tu ndicho alichokitamani, na sasa kilikuwa kinamwomba chenyewe. Alichohitaji kufanya ni kusimama na kunyamaza.

Lakini makufuli yamejaa madukani. Na Ijumaa watoto wa watu wangeingia karakana ile bila mzazi wao hata mmoja kujua alichokijua yeye.

"Nyumbani tutakwenda," akasema. "Kwanza ofisini."

"Watanifukuza."

"Huenda."

"Watanipeleka polisi."

"Huenda. Wakikupeleka, nitakuwa kwenye benchi la kituo. Wakikufukuza, wametufukuza wawili. Lakini jambo hili sikuachii ulibebe peke yako, wala wale watoto siwaachii hatari wasiyoijua. Inuka."

Ilichukua muda. Kisha akainuka.

Msimamizi wa wanafunzi alikuwa Bi Mwanarusi, mwanamke wa Bodo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ule ujumbe ulikuwa mezani pake tangu asubuhi, na uso wake ulionyesha ameusikiliza mara nyingi. Mbodze alibisha hodi, akakaribishwa, akaliweka kufuli juu ya meza.

"Aliyetuma ile sauti ni mwanangu," akasema. "Hili nimelitoa mkobani mwake. Nimekuja ili mlango huo usifungwe. Na nimekuja mjue alichofanyiwa hapa, kwa maana hilo nalo ni lenu. Simwachi kwenu nikaondoka. Mkimhoji, niko hapa."

Bi Mwanarusi alilitazama kufuli, akamtazama kijana aliyesimama karibu na mlango, akavuta kitabu chake.

"Ahsante, dada. Jina la mwanafunzi?"

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Angeweza kujibu mwenyewe. Alifungua kinywa, akakifunga tena. Mbodze alimfikiria mkwewe kaburini, akamfikiria Mwinga, na kuku ambaye angedaiwa kumtolea mzee ili kinywa chake kitakaswe. Akamwona mtoto wa miaka saba nyuma ya tuta la lambo, anangoja.

"Tembo," akasema.

Likatoka kavu, kama mlango usiofunguliwa miaka. Akalirudia.

"Tembo wa Mwinga. Huyu ni Tembo, mwanangu."

Kijana akakiinua kichwa. Alimtazama mamake kana kwamba ndio kwanza ameingia mlangoni.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Karakana ilifungwa, mtihani wa Ijumaa ukaahirishwa, mkuu wa chuo akaitwa, na baada ya saa moja akaja askari mwenye daftari na mwanamama mshauri kutoka hospitalini. Walimwingiza Tembo chumba cha ndani, wakamwomba mama angoje kwanza barazani. Hakuna aliyeweza kumwambia jioni hiyo atalala wapi, wala kama muhula ujao atakuwa na chuo.

Mbodze aliketi kwenye benchi. Mlango ulikuwa wa mbao nene, na sauti za ndani zilimfikia kama watu wanaosemezana ng'ambo ya maji. Ile ya mwanawe hakuisikia. Akavumilia, akavumilia, kisha akaliita jina, kwa nguvu, kama wanawake wa kule Kinango wanavyoita jua likitua.

"Tembo!"

Askari wa lango akageuka kumkanya. Bi Mwanarusi, aliyekuwa akipita na karatasi, akamwashiria amwache.

Mbodze akangoja, kichwa amekiegemeza mlangoni.

"Naam, mama," Tembo akaitika kutoka ndani.