Gego Lililosubiri Likizo

Wagonjwa walimwita Mama Koleo, na tabibu huyo wa meno hakukasirika hata walipomwita hivyo usoni. Kila siku saa saba mchana alivua glavu, akanawa mikono, akajilaza kwenye kiti cha wagonjwa na kungoja simu ya mumewe, aliyekuwa akichomelea vyuma vya daraja katika nchi ya mbali. Kwa miezi kumi na minne ndoa yao ilikuwa imebaki nusu saa kwa siku.

"Mke wangu, umeshindaje?"

Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyetia uji wa moto mdomoni. Mama Koleo aliteremsha miguu sakafuni.

"Unakula?"

"Hapana. Uchovu tu."

Wiki nzima alikuwa akimjibu kwa mkato. Juzi alikata simu mapema, naye Mama Koleo akajifungia stoo akalia, akidhani mapenzi yamepoa. Miaka ishirini ya kutazama vinywa vya watu, na hilo ndilo alilolifikiria!

"Inua ulimi, uguse kaakaa."

"Hauinuki."

"Meza mate."

"Nayatema tangu asubuhi."

"Na chini ya kidevu?"

"Pamevimba. Pagumu kama ubao."

Mama Koleo aliwahi kumpokea mgonjwa wa namna hiyo: usaha wa gego ulikuwa umeshuka chini ya ulimi na kuvimbisha shingo. Alifika akitembea na kutania, na jioni pumzi ikakosa pa kupita.

"Mpe simu mwenzako wa kazi." Sauti ngeni ilipoitika, alisema polepole, "Shemeji, mpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Akae wima, asilale chali. Ukifika waambie amevimba chini ya ulimi na hawezi kumeza."

"Si jino tu, shemeji?"

"Shemeji, atakosa pumzi. Kimbia!"

Kulisikika vishindo, mlango, kisha mumewe tena, akihema.

"Kwa nini ulinificha?" aliuliza Mama Koleo.

"Ungesema gego niling'oe huku. Likizo imebaki wiki tatu." Akatema mate. "Nilitaka uling'oe wewe. Unavyonishika shavu ukisema fungua... Tangu nije huku hakuna aliyenigusa uso."

"Mjinga wewe," alisema Mama Koleo. "Nenda. Nenda, mume wangu."

Usiku ulipita kwa ujumbe mmoja tu: wamemwingiza chumba cha upasuaji. Asubuhi aling'oa meno mawili na kusafisha ufizi uliooza, na kila shavu aliloshika alilishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa saba simu ililia.

"Yu hai, shemeji," alisema yule mwenzake. "Wamempasua chini ya kidevu, usaha umetoka, na gego wameling'oa. Wamemtoboa koo apumue, kwa hiyo hawezi kusema. Gego lenyewe kaling'ang'ania, analo mkononi kwenye kipande cha pamba. Nadhani anakuletea."

"Mwekee simu sikioni."

Alikuwa ameandaa maneno mengi, ya kufoka na ya kubembeleza. Yote yalimtoka akilini. Alisikiliza hewa ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, nusu saa nzima.

Mgonjwa wa mchana alipochungulia mlangoni, alimkuta tabibu amelala kwenye kiti cha wagonjwa, amefumba macho, kiganja kimoja kimeshika shavu lake mwenyewe.

"Pole, Mama Koleo," alinong'ona. "Linauma sana?"