Kitako cha Sado

Safina alimaliza kutandaza dagaa kwenye chanja, akafuta mikono kwa kitenge, akatoa simu apige picha. Tangu mwezi uliopita hakuna dagaa kupimwa mwaloni, pale boti zinaposhusha, mpaka picha ya chanja itumwe kwa karani, asubuhi ileile. Alibonyeza. Simu ikamwandikia yaleyale ya juzi na jana: nafasi imejaa.

"Na yangu ndo basi tena," akasema Hidaya wa chanja ya pili. Yeye alikuwa na kitochi, simu ndogo isiyopiga picha, kwa hiyo picha zake zilipitia kwa Safina.

Safina akaenda dirishani kwa karani.

"Nehemia, baba, chanja ziko hatua ishirini kutoka hapo ulipo. Si utoke uzione kwa macho?"

"Mfumo hautaki macho yangu, mama. Unataka picha." Akaichukua simu, akaipekua. "Mbona sauti zote hizi? Mia mbili na kumi na nne! Futa, nafasi ipatikane."

"Za marehemu mume wangu."

"Sasa marehemu anakalia nafasi ya dagaa. Futa tu. Hata kwa mkono siwezi kukuandika, hairuhusiwi."

Safina akamnyang'anya simu.

Abdulkarimu alikuwa fundi wa mashine za boti. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo akiwa bandari za mbali, Kalemie au Rumonge, alituma sauti. Nyingi hazikuwa na maana kwa mtu mwingine: mashine imegoma, niwekee maji ya kuoga, bati la chumba cha nyuma linavuja bado? Moja tu ilikuwa ndefu. Anasoma Yasini, injini ikinguruma nyuma yake. Hiyo Safina aliifungua kila Ijumaa.

Alirudi nyumbani Rusimbi, akachukua fedha aliyoiweka kwa ajili ya bati, akaenda mjini.

Muuza simu, Dismasi, alikuwa na maneno mengi na mkono mwepesi. "Shikamoo mama. Chukua hii. Ina GB thelathini na mbili."

"Marahaba. Na zikiisha naunga wapi?"

Dismasi akacheka mpaka mwanamke aliyekuwa akibandikiwa kioo cha simu akageuka. "Mama, hilo si bando! Hizi ni nafasi ya ndani, ya kuhifadhi vitu. Haziishi, zinajaa."

Safina hakucheka. Miaka yote alinunua GB moja ya siku, mbili za wiki. GB kwake kilikuwa kitu cha kwisha. "Vitu viwili mkaviita jina moja, halafu mtu akikosea mnamcheka."

"Yaishe, bimkubwa. Kuna na ya mia ishirini na nane, ila hiyo ya vijana wa selfi. Wewe unapiga, unapokea, unalala. Thelathini na mbili inakutosha."

"Kwa hiyo ni kama sado, kile kindoo cha kupimia dagaa."

"Eeh! Umeipata. Kama sado."

"Basi nionyeshe ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya sado yako. Sisi hatununui kwa kuangalia nje."

Dismasi akasita, kisha akafungua. Simu ilikuwa mpya, nailoni haijabanduliwa. Safina akasoma taratibu, kidole juu ya kioo: kati ya thelathini na mbili, kumi na tisa zimeshatumika.

"Nani ameshatia vitu?"

"Huo ni mfumo wa simu wenyewe. Zote ziko hivyo."

"Mwaloni mtu akikichoma moto kitako cha sado kikabonyea ndani, kipimo kikapungua, tunamfukuza. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kwa wanaopunja vipimo, mwanangu."

"Mimi sikuitengeneza, mama!"

"Lakini unaiuza kwa jina la thelathini na mbili."

Ile kubwa ilimaliza fedha yote ya bati. Safina alikiwaza chumba cha nyuma na mvua za mwezi wa kumi na moja. Beseni la kukingia lipo.

"Lete kubwa. Na sauti uzihamishe hapahapa, nikiona. Ikipotea moja, leo tutalala wote dukani."

Zilipofika mia mbili na kumi na nne, alitaka asikie. Injini ikanguruma, Abdulkarimu akaanza Yasini. Dismasi akapunguza redio bila kuambiwa.

Saa kumi alikuwa mwaloni. Akapiga picha mbili, yake na ya Hidaya, zikaenda.

"Zimefika," alisema Nehemia, "ila mfumo ulifunga saa sita." Akaegemea dirisha, akashusha sauti. "Mniwekee ya soda hapa, niwaandike kwa mkono."

Kumbe mkono unaweza.

Safina akailaza simu dirishani, kioo juu, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Rudia, baba. Tangu hapo kwenye soda. Nataka niihifadhi."

"Mama, tusifike huko…"

"Sema tu. Nafasi ninayo."

Sekunde zikawa zinahesabu kwenye kioo. Wanawake wa foleni ya kupima walisogea na ndoo zao. Nehemia akavuta daftari, akaandika: Safina, chanja moja.

Akaisukuma kalamu pembeni. Safina hakugusa simu.

"Mwandike na Hidaya," akasema. "Na wote wenye vitochi."