Supu ya Mkwe

Kijijini Iyula msimu ule kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu ya tukio la kweli, la mzee mmoja wa Kizungu na mkewe waliokutwa wamekufa mezani, mabakuli ya supu mbele yao. Filamu ilikuja vipande vipande, kila Jumapili saa tisa alasiri, na juu yake kulikuwa na mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili, mwenye sauti nzito kana kwamba msiba ni wa nyumbani kwao. Washukiwa walikuwa watatu: mkwe aliyeipika ile supu, mume wa huyo mkwe ambaye ndiye mtoto wa marehemu, na jirani aliyekuwa akigombania nao mpaka wa shamba. Basi watu wakawa wanachuma kahawa huku wanaendesha kesi.

Sekela hakuhitaji kusubiri vipande vyote. Alimtia hatiani mkwe siku ya kwanza tu, pale zilipoonyeshwa picha za harusi.

"Umemwona lakini?" alimwambia jirani yake, Ruti, wakiwa shambani. "Anamkumbatia baba mkwe! Kifua kwa kifua! Mwanamke wa hivyo atashindwa kuua?"

"Kukumbatia siyo kuua," Ruti alisema.

"Haya, mtetee. Wakwe mnajuana."

Ruti alicheka, lakini zile picha zilikuwa zimemshtua kuliko alivyopenda kukiri. Yeye na baba mkwe wake, Mzee Zabron, walikuwa hawajawahi hata kutazamana usoni. Mzee alikuwa Mndali wa kale. Wazazi wake walihama Ileje wakaja kulima Mbozi, na miiko yao yote wakaja nayo, hakuna uliodondoka njiani. Mke wa mtoto hamsemeshi baba mkwe, hamtaji jina, na hakai naye chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kwenye migomba. Wengi kanisani walishaziacha hizo habari, ila Mzee Zabron alisema yeye atazishika mpaka azikwe nazo. Kwa hiyo Ruti alimwita "mwenye nyumba", naye mzee alimwita Ruti "mwenye jiko", na maneno yao yote yalipitia kwa Bibi Tumpale, mama mkwe, aliyekuwa na miguu myepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Balaa ni kwamba televisheni ilikuwa moja, na wote wawili walikuwa wameshanaswa na filamu.

Bibi Tumpale ndiye aliyepata dawa. Mzee alikaa sebuleni kwenye kochi lake, mgongo kwa dirisha. Ruti alikaa uani kwenye kigoda, nje ya dirisha hilohilo, mwanawe mchanga mgongoni, akitazama kupitia mwanya wa pazia. Bibi alikaa mlangoni, katikati yao, rimoti mapajani. Alipenda sauti iwe juu mpaka mabati yatikisike, na kwa kelele ile hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Kila tangazo la biashara lilipoingia, Bibi aliinama ndani akaongea na mzee, kisha akageuka uani na habari.

"Anasemaje mwenye nyumba?" Ruti aliuliza siku ya kipande cha pili. Hamu ilimwasha kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Alitaka sana kujua.

"Anasema mkwe ndiye aliyeua. Anyongwe."

"Mwambie ushahidi haupo! Supu imepikwa na mmoja, lakini jikoni wameingia wangapi?"

Bibi aliinama ndani, akakaa kidogo, akarudi. "Anasema mwanamke anayepika ndiye mwenye roho za watu mkononi. Anasema hawaamini hawa akina mkwe."

Ruti alimpandisha mtoto mgongoni, maneno yakimchoma. Yeye ndiye aliyekuwa akimpikia mzee yule asubuhi, mchana na jioni tangu aolewe, bila kusikia asante wala lawama, kwa sababu mwiko haukuruhusu hata kimoja. Sahani ilienda imejaa ikarudi tupu, na hiyo ndiyo ilikuwa barua pekee aliyowahi kupata kutoka kwake. Alikuwa ameizoea akadhani inasema jambo zuri.

Jumapili iliyofuata filamu ilieleza jinsi sumu ilivyokorogwa kwenye supu. Jioni ile Ruti alichinja kuku, akatengeneza supu ya ndimu na pilipili kichaa, akampa Bibi apeleke. Bakuli lilirudi limejaa vilevile, mafuta yameganda juu.

"Hajisikii kula," Bibi alisema, akatazama pembeni.

Kesho yake maharage yalirudi. Keshokutwa ugali ulirudi, na Ruti akamwona Bibi nyuma ya ghala akimchomea mzee mahindi kwa siri. Hapo roho ilimuuma kweli. Aliingia jikoni akakaa juu ya gunia la mkaa akalia, kisha akampigia simu mumewe, Gibson, aliyekuwa akiuza vipuri vya malori kule Tunduma.

"Baba yako anadhani nitamwua."

Gibson alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Baba? Kwa ajili ya televisheni?"

"Cheka tu. Chakula changu hali. Nitafutie chumba huko. Jumapili kama sahani itarudi imejaa, Jumatatu nachukua mtoto napanda gari. Siwezi kukaa kwa mtu anayeniogopa."

Gibson akaacha kucheka. Alimjua mkewe, akisema anaondoka, begi huwa limeshafungwa. Na kweli lilikuwa limefungwa, liko chini ya kitanda.

Jumapili ya kipande cha mwisho ikafika, na Bibi Tumpale hakuwepo. Alikuwa ameenda Ndalambo kuona kitukuu cha dada yake, akaapa angerudi kabla ya saa tisa hata kwa bodaboda. Saa tisa ikagonga, Bibi hajaonekana. Ruti alisimama uani akijiuliza kama aende kutazamia kwa Sekela. Mwisho akajikaza, akavuta kigoda chake akakaa dirishani, maana hata mtu anayeondoka kesho anataka kujua nani aliua.

Ndani, Mzee Zabron alikuwa ameiwasha mwenyewe, sauti chini kabisa, ya kistaarabu. Kwa mara ya kwanza Ruti alisikia kochi likilia mzee alipojigeuza. Alisikia hata paka wao akikoroma. Paka huyo aliitwa Diwani, kwa kuwa alikula kwa watu wote na panya walibaki palepale.

Kwenye filamu yule mkwe alikuwa kizimbani, analia bila kitambaa. Tangazo la sabuni likaingia.

Mzee akakohoa. "Diwani," akasema, "hivi huyu mama si wanamwonea?"

Ruti aliganda. Alidhani hakusikia vizuri. Kisha hasira zikampanda, akafungua mdomo kabla hajafikiri; bahati akakumbuka kumwelekea paka.

"Diwani, hebu muulize mwenye nyumba. Si ndiye aliyesema mkwe anyongwe?"

Kochi lililia tena.

"Diwani, mimi sijasema hivyo. Toka siku ya kwanza nasema mama huyu hana kosa. Mwenye jiko ndiye anayesema anyongwe. Tena nimeletewa habari kwamba hata yeye angekuwa pale angefanya hivyohivyo, ila angetumia supu ya kuku ili sumu isisikike."

"Mimi!" Ruti alipiga kelele, amemsahau Diwani kabisa. Akaziba mdomo kwa kanga. Mtoto akaamka mgongoni. "Diwani," akaanza tena, "mwambie sijawahi kutamka neno kama hilo. Mimi nilikuwa namtetea! Nimegombana na Sekela shambani kwa ajili ya kumtetea!"

"Na mimi nilikuwa namtetea," mzee alisema polepole, kama mtu anayejumlisha hesabu. "Diwani, kati yangu na mwenye jiko anapita nani?"

Jibu walilijua wote, hata paka. Kisha kicheko kikatoka sebuleni, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara nyingi, na Ruti naye akashindwa kujizuia. Walicheka kila mmoja upande wake wa ukuta, mpaka mtoto naye akachekelea bila kujua anacheka nini.

"Diwani," mzee alisema alipopata pumzi, "uliza kama jikoni kuna kitu. Mahindi ya kuchoma yamenimaliza meno."

"Kuna supu," Ruti akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Ya kuku."

"Iletwe."

Aliiweka kizingitini, akageuza mgongo, akakohoa, akarudi dirishani. Alisikia mzee akiivuta. Kisha akamsikia akinywa, kwa kelele, makusudi, ili mtu wa nje asiwe na shaka hata kidogo.

"Diwani," mzee alisema kati ya funda na funda, "mwambie mwenye jiko uso wake siujui vizuri. Lakini mkono wake naujua. Nilikosea kusikiliza maneno nikauacha mkono wake wiki nzima."

Machozi yalimtoka Ruti akayaacha yatoke, na moyoni alikuwa na furaha isiyo na mfano.

Filamu ikaisha. Muuaji alikuwa mtoto wa kiume, yule aliyelia kuliko wote makaburini. Alimsukumia mkewe kesi ili arithi shamba peke yake. Mzee alipiga goti lake kwa kofi. "Diwani! Kuanzia leo Gibson akija hapa asisogelee sufuria!"

Gibson mwenyewe alipiga simu muda huohuo kusema amepata chumba kizuri, karibu na soko.

"Chumba cha nini?" Ruti alimuuliza. "Kahawa hii atachuma nani?"

Bibi Tumpale alishuka kwenye bodaboda jioni inaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. "Nani aliua?" akauliza kutoka getini.

"Umeme ulikatika," mzee alijibu sebuleni.

Bibi akakimbilia jikoni. "Ruti, mwanangu, nani aliua?"

"Umeme ulikatika, mama. Shikamoo."

Bibi alitazama taa inayowaka juu ya kichwa cha Ruti. Akatazama bakuli tupu kizingitini, lililolambwa likang'aa. Akaelewa, akakaa chini taratibu.

"Basi mmesemezana," alisema. "Haya. Lakini niambieni ukweli, mngekuwa mnakubaliana toka mwanzo, kungekuwa na raha gani? Na mimi ningebeba nini?"

Ruti alitaka kumkasirikia akashindwa. Alimwona kikongwe aliyezunguka mchana kutwa, njaa imemshika, kazi yake imeisha. Akachota bakuli la mwisho la supu, na kwa kuwa Bibi alikuwa ameshahamia sebuleni kuikagua televisheni, akaliweka kizingitini, akageuza mgongo, akakohoa. Mzee akaliokota akampa mkewe. Bibi alichota kijiko kilichojaa akakipeleka mdomoni.

"Diwani," Mzee Zabron alisema, "mwambie bibi yako anywe bila wasiwasi. Mkwe wetu hajatia kitu humo. Ila ajue bakuli limepita mikononi mwangu."

Kijiko cha Bibi kiliganda hewani, na uani Ruti alicheka kwa sauti kubwa kiasi kwamba Sekela akatoka nyumbani kwake kuuliza nani kafanya nini.