Sahihi Iliyovishwa Plastiki

"Nani alilamineti hii kitu?" Mzee Owino aliuliza, na kwa sauti yake nikajua tumekwisha.

Alikuwa ameinua bahasha ya baba kwenye dirisha la sebule yake pale Ruiru, akiigeuza huku na huku, na mwanga ukiteleza juu ya plastiki. Mzee huyu amekusanya stempu na bahasha za posta maisha yake yote. Wenye vitu kama hivyo humwendea awaambie kipi halisi na kipi feki. Baba, kofia magotini, alijibu kwa fahari kabisa. "Ni mimi. Niliipeleka saiba, kwa wale watu wa kompyuta pale Kiganjo. Mvua ilikuwa inaingia nyumba."

Ningemlaumu vipi? Kwetu karatasi ya maana huvishwa plastiki: cheti cha kuzaliwa, cha shule, cha ndoa, hata programu ya mazishi ya nyanya yangu. Usipoivisha, watu watadhani huijali.

Baba alisomea Urusi miaka ya themanini, akarudi Thika na diploma ya mitambo, koti zito lisilohitajika na mtu, na bahasha hiyo. Ilikuwa na stempu ya roketi, muhuri wa posta wa siku roketi iliporushwa, na sahihi ya mwanaanga aliyetembelea hosteli yao akamshika mkono. Hivyo ndivyo alivyosimulia. Mdogo wake, anko Muriithi, hakuwahi kukubali. Kila harusi, kila ruracio ya kupeleka mahari, alimvizia mbele za watu: "Mrusi, hebu tuambie, huko juu kuna ugali?" Watu walicheka mpaka machozi. Baba naye alicheka, lakini mimi niliyekaa karibu naye niliona jinsi alivyokuwa akiikunja na kuikunjua kofia yake, na nilimchukia anko wangu. Figo zilipoanza kumshinda, baba alitaka jambo moja tu: mtu anayejua aseme sahihi ni ya kweli, Muriithi anyamaze kabla yeye hajafa.

"Sahihi kama hizi," Mzee Owino alisema polepole, "nyingi zilichapishwa na mashine, zingine ziliandikwa na makarani. Ya mkono huwa imechimba karatasi kidogo. Unaisikia na kidole. Sasa hapa nitasikia nini? Ile mashine ya plastiki imenyoosha kila kitu kama pasi."

"Toa plastiki," baba akasema.

"Mzee, wino utatoka nayo," Owino akamwambia.

"Toa. Wino wa kweli hautoki."

Nilimshika mkono. "Baba, tuiache tu hivyo."

Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama kwa Kikuyu. "Maitu," akasema, "niache."

Mzee Owino alikata ukingo kwa wembe, akavuta taratibu, uso ameukunja. Plastiki iliondoka na ngozi ya juu ya karatasi, na sahihi nzima ikaenda nayo. Palibaki weupe wenye manyoya. Baba alipapasa hapo kwa kidole gumba, akarudia, akarudia tena.

"Siwezi kusema ndiyo," Mzee Owino akasema, "na siwezi kusema hapana. Pole sana."

Jumapili iliyofuata Muriithi alikuja kumwona baba, aliyekuwa amelala nyumbani Ngoingwa, amebeba ndizi, na hata hajakaa akaanza. "Mrusi, yule rafiki yako wa roketi amekutumia salamu?"

Baba hakucheka. "Muriithi, ulikuwa unasema ukweli. Mimi sijui tena kama nilimwona. Labda nilinunua hiyo bahasha sokoni huko, nikazoea kusema."

 Anko aliweka ndizi sakafuni, akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. "Ephantus," akamwita baba kwa jina lake, "mimi nilikuwa nakuchokoza tu. Nimekuamini tangu siku ulirudi. Shuleni niliambia kila mtu ndugu yangu alishika mkono wa mtu wa anga. Wakanicheka, nikapigana."

Miaka yote baba aliyangoja maneno hayo. Alimtazama ndugu yake, akampigapiga begani kwa upole.

"Asante kwa kunihurumia," akasema, akageukia ukuta.

Muriithi akanitazama nimsaidie. Nikachukua zile ndizi, nikazipeleka jikoni.