Bakuli la Maji Matupu

Ni mwaka wa nne huu nahesabu viluwiluwi wa mbu waliokufa, na nimechoka mpaka macho. Kazi yenyewe ni hii: natwanga majani ya mwarobaini, naloweka, nachuja, namimina kwenye mabakuli manne yenye viluwiluwi. Bakuli la tano nalo lina viluwiluwi, ila naliacha na maji matupu. Humo lazima wabaki hai. Wakifa, hakuna ajuaye ni nini kiliwaua wenzao, na jaribio zima linatupwa.

Safari hii nililitaka jaribio kwa udi na uvumba. Mume wangu ni mpuliza dawa wa manispaa. Miaka kumi na mitano amebeba bomba mgongoni akinyunyizia mitaro kemikali, na kifua chake sasa kinakoroma hata akiwa amekaa. Wakubwa wake walisema jaribio moja safi likiwafikia kabla ya Ijumaa, wataanza kutumia dawa ya majani. Likikosekana, wanaagiza ile ya zamani ya kutosha miaka mitatu mingine.

Leo Alhamisi asubuhi nikafungua maabara. Mabakuli manne, wote wamekufa. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Nikageukia la tano. Ishirini na watano, na hakuna hata mmoja aliyejinyonganyonga.

Nilitukana ndoo, nikatukana na mwarobaini wenyewe. Kisha nikakumbuka jana. Mume wangu alipita akitoka kazini, koti la kupulizia dawa bado mwilini, kuniletea funguo za nyumba. Akainama juu ya bakuli lile.

"Kumbe ninyi ndio mtakaoniponya!" akawaambia, akatia kidole na kuwakoroga kidogo wacheze.

Nami nikacheka naye. Mimi, ninayewatoa mbio maabara hata maprofesa waliojipaka manukato, yasije yakaua viluwiluwi! Furaha ilinipofusha, na sijisamehe.

Saa saba akapiga simu.

"Mama watoto, niambie. Bomba nilitupe?"

Nikamjibu huku nalia.

"Nimeharibu, baba. Maji matupu yaliingia uchafu. Ni uzembe wangu."



"Wewe nawe, ndio ulie? Kazi imekuchosha, hujalala wiki nzima. Miaka mitatu si mingi, mke wangu."

Akaanza kukohoa, akaisogeza simu mbali nisisikie. Nilisikia. Kisha nikasikia akifunga mikanda ya bomba, maana zamu ya mchana ilikuwa imefika.