Safu ya Wasiofika

Tega sikio nikutegee. Nimepewa sanduku, juu limeandikwa jina langu, lakini ufunguo anao aliyenipa. Nikimtumikia miaka minne, ananikabidhi ufunguo. Nikitoka kwake mapema, hata ikiwa imebaki siku moja, sanduku linakuwa halijawahi kuwa langu. Ni nini hicho? Ukishindwa usinipe mji. Miji ya watu nimeshapewa mingi kwa vitendawili, na nyumba ya mwanangu mpaka leo haina paa.

Jibu ni hisa walizopewa wanangu kazini.

Wanangu wawili walikuwa kampuni moja, ya maghala ya baridi, wanakotunza samaki, mboga na dawa za hospitali. Binti ndiye mkubwa, na ni mhasibu. Mdogo wake alikuwa fundi wa mitambo ya kupoza. Kazini walimwita Barafu, na sisi nyumbani tukalichukua jina hilo, maana ukimpa mkono ungedhani umeshika chupa iliyotoka kwenye friji.

Kampuni ilipoanza, mishahara ilikuwa midogo. Mwenye mali akawaita wafanyakazi wake sitini na wanne, akampa kila mmoja karatasi. Karatasi ilisema una hisa kadhaa, yaani kipande chako cha kampuni, ila zitaiva baada ya miaka minne. Ukiondoka kabla hazijaiva, kwa sababu yoyote, zinarudi kwa kampuni. Maneno hayo, kwa sababu yoyote, Barafu aliyasoma kwa sauti mezani kwangu, akacheka.

"Yaani hata nikifa, mama, wananivua kwanza ndipo mnizike."

Nikamwambia aache utani wa kifo kwenye chakula. Lakini alikuwa amefurahi. Alikuwa na kiwanja chake, amejenga kuta mpaka juu ya madirisha, pesa ikamwishia hapo. Yeye, mkewe na wasichana wao wawili waliishi chumba kimoja cha kupanga, wamekigawa kwa pazia. Mtu akimuuliza nyumba imefikia wapi, alijibu kwamba kuta ziko kiwanjani na paa liko ofisini. Hisa zikiiva atauza, apaue, ahamie. Miaka minne si mingi, alisema, mbona shule ya msingi ni zaidi.

Kazi ya dada yake nilikuwa siielewi, mpaka siku moja alinieleza huku tukimenya vitunguu. Hisa anazopewa mfanyakazi, alisema, ni gharama kama mshahara, ijapokuwa hakuna noti iliyotoka kwenye sanduku la kampuni. Thamani yake inapimwa siku ile zinapotolewa, halafu inagawanywa kwa ile miaka minne, na kila mwaka kipande kimoja kinaandikwa vitabuni. Sasa, wapo watakaoondoka kabla ya kuiva, na hao hawatapata kitu, kwa hiyo hawafai kuhesabiwa. Ndiyo maana kila mwisho wa mwaka mhasibu anatakiwa akadirie: kati ya hawa sitini na wanne, wangapi hawatafika?

Nikamwambia hiyo si kazi ya mhasibu, ni ya mpiga ramli. Akacheka, akasema tofauti ni kwamba ramli yake inakaguliwa.

Miaka miwili ya kwanza aliangalia tu ni wangapi huwa wanaacha kazi kwa mwaka, akaandika idadi, mambo yakaisha. Mwaka wa tatu wakaguzi wakamuuliza idadi hiyo ameitoa wapi. Binti yangu ndivyo alivyo tangu utoto: ukimtuma chumvi, anakuletea chumvi, chenji, na maelezo ya foleni ilivyokuwa. Swali la wakaguzi likamkaa kooni. Akafungua kwenye kompyuta safu moja pembeni ya orodha ya majina, akapita mtu mmoja mmoja. Huyu mumewe amehamishiwa mbali, hatafika. Huyu anasoma masomo ya jioni apate kazi nzuri zaidi, hatafika. Huyu mgongo umemchosha, hatafika. Alidhani anatenda haki kwa hesabu zake.

Kisha akafika kwenye jina la mdogo wake.

Jumapili iliyotangulia, Barafu alikuwa ananawa kwenye sinki langu, akamwambia dada yake kwamba kifua kinamsumbua, na kwamba akipata mwenzake wa kufungua naye karakana, atawaachia baridi yao. Maneno ya mtu aliyechoka. Nani hajawahi kuyasema? Kesho yake saa moja kasoro alikuwa kazini kama kawaida, amefunga koti lake mpaka shingoni. Lakini yaliyosikiwa na dada yalikuwa yamesikiwa pia na mhasibu. Akiandika kwamba ndugu yake atafika, aliwaza, watasema amempendelea. Basi akaandika hatafika. Walikuwa tisa, naye alikuwa wa saba.

Hapo bado hapakuwa na ubaya. Alichotakiwa kufanya ni kuifuta ile safu na kubakiza tarakimu moja, tisa, isiyo na uso wala jina. Hakuifuta. Alimtumia mkuu wa fedha faili zima, ili aone kazi ilivyofanywa kwa uangalifu.

Mkuu huyo alikuwa mgeni, ana miezi michache tu. Wafanyakazi walimwita Kifutio, kwa sababu popote alipopita kitu kilipungua: kwanza sukari ya chai, kisha malipo ya saa za ziada. Mwaka uliofuata umeme ukapanda bei, wateja wawili wakubwa wakahama, na Kifutio akaambiwa apunguze watu.

Akapunguza tisa. Ilikuwa imebaki miezi mitano hisa ziive.

Barafu aliitwa saa nne asubuhi, akapewa barua na mfuko wa kuwekea vitu vyake. Alikuja kwangu moja kwa moja. Nje jua lilikuwa linachoma, naye alikuwa bado amevaa lile koti la chumba cha baridi. Alikaa nalo mpaka jioni. Nilipomwambia alivue, alisema hajisikii joto.

Sasa sikiliza jinsi vitabu vinavyofanya. Mtu akiondoka kabla hisa zake hazijaiva, gharama yote iliyoandikwa kwa ajili yake tangu siku ya kwanza inarudishwa nyuma, kana kwamba hakuwahi kuahidiwa kitu. Lile kadirio la tisa Kifutio hakuwa ameliidhinisha liingie vitabuni, kwa hiyo gharama zao zote zilikuwa bado zimo. Gharama ikirudi, faida ya mwaka inapanda. Kwa hiyo kampuni iliyowafukuza watu tisa ilionekana kwenye karatasi imeneemeka. Na aliyeandika marejesho hayo ni binti yangu, maana ndiyo kazi yake. Kanuni ndivyo inavyosema, na kanuni hakuikosea. Alipomaliza mstari wa tisa ndipo alipogundua kwamba watu hao amewahi kuwaona mahali, kwa mpangilio uleule, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Jumapili hiyo wote walikuja kwangu. Tulikula. Barafu aliweka kijiko chini, akamgeukia dada yake.

"Dada, wewe uko huko kwenye makaratasi. Nani aliniandika?"

Dada yake akainuka, akaanza kuosha vikombe ambavyo nilishaviosha. Mke wa Barafu ana mdomo, hajambo kwa hilo. Akamwambia mumewe amwache wifi, vikombe vyenyewe vitajibu vikishang'aa vizuri.

Katikati ya wiki binti yangu alirudi peke yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akanieleza yote: safu, sinki, faili. Alisema anataka kumwambia mdogo wake, na kwamba wale tisa wamepeleka malalamiko kwenye baraza la usuluhishi wa kazi. Wakiweza kuonyesha kwamba walichaguliwa kwa ajili ya hisa zao, baraza linaweza kuamuru wapewe. Orodha yake ndiyo ingeonyesha hivyo. Lakini akiitoa, kazi hana, na hisa zake mwenyewe zilikuwa zinaiva siku moja na zile za wenzake.

Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia afunike kombe mwanaharamu apite. Nilipiga hesabu ya mama: mmoja ameshaanguka, wa pili nisimsukume. Nikamwambia avumilie miezi iliyobaki, zikiiva auze, kisha ampaulie nduguye kimyakimya, na Mungu atajua. Aliniuliza kama kweli nadhani hivyo ni sawa. Nikamwambia ni sawa. Akanibusu mkono, akaondoka.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Barafu alizunguka mitaani akitengeneza friji za watu, wengine wakimlipa, wengine wakimwambia apite kesho. Mvua zikaja zikaingia kwenye nyumba yake isiyo na kichwa. Matofali ya juu yakaanza kumomonyoka, na mkewe akawa anakwenda na turubai kufunika kuta, kama mtu anayefunika mgonjwa. Msichana wao mkubwa akaacha kuuliza watahamia lini. Kila Jumapili Barafu alimuuliza dada yake swali lilelile, kwa upole, kama anayeuliza habari ya mtu aliyesafiri. Baadaye hakuuliza tena. Alimtazama tu wakati wa kuaga, na binti yangu akawa anatafuta viatu vyake muda mrefu pale mlangoni. Alikonda. Mimi nilikuwa nahesabu siku, na kila siku iliyopita nilishukuru. Sikujua ninashukuru nini.

Shauri likapangwa Jumatano. Hisa zilikuwa zinaiva Jumatatu inayofuata.

Nilikwenda na Barafu na mkewe. Kilikuwa chumba kidogo ghorofa ya pili, mabenchi mawili yanayotazamana, feni inayotikisika, na dirisha lililobandikwa magazeti kuzuia jua. Upande wa pili akaingia Kifutio, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, na nyuma yake binti yangu amebeba faili kifuani. Kampuni ilikuwa imemleta aeleze hesabu za hisa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezijua.

Barafu hakuwa ameambiwa. Alisimama, akamwamkia shikamoo, kama nyumbani. Binti yangu aliitikia marahaba kwa sauti ambayo sijui kama ilifika.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mguu mmoja. Alieleza polepole kwamba kampuni ina haki ya kupunguza watu hali ikiwa mbaya, na hilo halina ubishi. Alichotaka kujua ni jinsi walivyochaguliwa. Kifutio akasema walipimwa kwa utendaji wao. Msuluhishi akauliza kama kulikuwa na orodha yoyote ya hawa tisa kabla ya siku ya barua. Kifutio akasema hakuna orodha, hakuna aliyeandikwa, na kuhusu tarakimu mhasibu yupo, ataeleza.

Barafu akanyoosha mkono, akaruhusiwa. Alisema sheria haijui, na paa ameshalisamehe. Mkewe akamvuta shati aliposikia hivyo, lakini hakukaa.

"Nina swali moja tu, nimelibeba miezi mitano," alisema, naye hakuwa akimtazama Kifutio. "Nani aliniandika?"

Feni ikatikisika. Kifutio akamgusa binti yangu kiwiko, akamwambia aanze na thamani ya siku ya kwanza. Binti yangu akafungua faili. Kabla hajasema lolote alininyanyulia macho, macho yaleyale ya utotoni nilipokuwa namtegea kitendawili akataka nimpe herufi moja tu ya jibu.

Nikatikisa kichwa. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Siku tano, mwanangu, siku tano tu.

Akaniondolea macho. Akalifunga faili, akaliweka sakafuni kando ya miguu yake. Msuluhishi alikuwa ameshika kalamu akisubiri, lakini binti yangu hakumgeukia yeye.

"Ni mimi, mdogo wangu," alisema. "Wewe ni wa saba. Na orodha ninayo."